Waliopigana Ganda Leo Wanakula Sinia Moja



Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na wanaotaka viti tayari wameanza kupitapita vijijini. Leo sitaki tuzungumze habari za rais wala gavana. Nataka tuzungumze kuhusu kiti kidogo kuliko vyote kwenye zile karatasi sita za kura: kiti cha mwakilishi wadi, MCA, ambacho wazee wetu bado wanakiita kiti cha diwani. Na nataka tuanzie Ganda, kwa sababu Ganda ililipa ghali kwa kiti hicho na sioni kama sisi wengine tumejifunza.

Kwa waliosahau, au waliokuwa bado wadogo: mahakama ilikuwa imefuta matokeo ya 2017 ya wadi ya Ganda, eneo bunge la Malindi. IEBC ikaitisha uchaguzi mdogo tarehe 17 Oktoba 2019. ODM ikamsimamisha Reuben Katana. Abdulrahman Omar, aliyepoteza kiti hicho mahakamani, akarudi kama mgombea huru. Jioni ya tarehe 15, siku mbili kabla ya kura, kukazuka fujo nyumbani kwa mgombea wa ODM, ambako watu wake walikuwa wamekutana kupanga mambo ya mawakala. Risasi ikapigwa. Mtu mmoja wa jamaa ya mgombea akafa.

Mambo ya nani alifanya nini yalipelekwa mahakamani, na mimi si hakimu, kwa hivyo huko siingii. Ninachotaka tukitazame ni kile ambacho hakuna anayekibisha. Sheria inasema kampeni hukoma saa 48 kabla ya siku ya kura. Maana yake jioni ile kampeni zilikuwa zimeshafungwa. Hakukuwa na mkutano wa kuhudhuria wala kura ya kuombwa. Ilikuwa imebaki watu kulala, kuamka na kupiga foleni. Badala yake Ganda ikaamka na matanga.

Kura zikapigwa vilevile. Katana akapata 4,177, Omar 2,331. Tofauti ni kura 1,846. Jumlisha kura za wote wawili, hazifiki elfu saba. Na aliyeshinda alikuwa anaingia kumalizia muhula: Oktoba 2019 mpaka Agosti 2022, chini ya miaka mitatu.

Sasa jiulize. Kiti kimoja kati ya viti 35 vya wadi vya bunge la kaunti ya Kilifi, kati ya wadi 1,450 za Kenya nzima, chenye chini ya miaka mitatu iliyobaki. Kulikuwa na nini pale mpaka joto lipande kiasi kile?

Jibu tunalijua sote, tunaona haya tu kulisema. Vita vile havikuwa vya Ganda. Mwaka uliotangulia, Machi 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walishikana mikono, na William Ruto, aliyekuwa naibu wa rais, akajikuta upande wa pili. Wanasiasa wetu wa Pwani wakagawanyika: wengine kwa Raila, wengine kwa Ruto. Uchaguzi wa kwanza uliotokea hapa Malindi baada ya mgawanyiko huo ukageuzwa mzani wa kupima nani ana nguvu. Bahati mbaya ikawa ni uchaguzi wa Ganda. Ukisikiliza hotuba za wakati ule, ungedhani yule atakayeshinda anakwenda Ikulu, kumbe anakwenda kukaa kamati ya kujadili barabara za changarawe na madarasa ya chekechea.

Mtu wa Msabaha au Kijiwetanga aliyekuwa na shida ya maji alipigiwa kelele za handisheki. Mama aliyetaka kujua zahanati itapata dawa lini akaambiwa achague kambi.

Tuje sasa karibu. Tarehe 27 Novemba 2025 tulikuwa na uchaguzi mdogo mwingine hapahapa jirani, Magarini, safari hii wa ubunge. Mnakumbuka chanzo chake: mwaka 2022 Harrison Kombe wa ODM alimshinda Stanley Kenga, aliyekuwa UDA, kwa kura 21. Kura ishirini na moja! Matatu moja na nusu ya abiria. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, matokeo yakafutwa, tukarudi kwenye foleni. Kombe akashinda tena, mara hii kwa karibu kura 18,000 dhidi ya takriban 9,000 za Kenga, ambaye sasa alikuwa na DCP.

Lakini tazama nani alimpigia debe nani. ODM na UDA walishatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja tarehe 7 Machi 2025. UDA haikusimamisha mtu Magarini. Zile kambi mbili ambazo mwaka 2019 zilifanya Ganda kuwa uwanja wa vita, mwaka 2025 zilikuja Magarini zikiwa kambi moja. Wakapanda jukwaa moja, wakashikana mikono juu, wakacheka.

Mimi sina tatizo na watu kupatana. Kupatana ni jambo jema, na siasa ina mambo yake. Lakini yule aliyezikwa mwaka 2019 hakupatanishwa na mtu. Familia yake haikuitwa kwenye makubaliano ya Machi 2025. Vijana waliochukiana kijijini kwa sababu ya vita vile, wengine mpaka leo wakikutana njiani mmoja huvuka upande wa pili. Wakubwa wanakula sinia moja, na huku chini bado tunahesabu nani alikuwa adui.

Na si mara ya kwanza. Rudi nyuma mpaka tarehe 7 Machi 2016. Dan Kazungu aliteuliwa waziri wa madini, kiti cha ubunge cha Malindi kikabaki wazi. Jubilee na CORD wakahamia hapa na misafara yao. Rais akaja, Raila akaja, mawaziri wakajaa mjini mpaka vyumba vya hoteli vikawa shida. Willy Mtengo wa ODM akapata kura 15,582, Philip Charo wa Jubilee 9,243. Tuliambiwa hiyo ni vita ya kufa kupona, Pwani inaamua msimamo wake. Miaka miwili baadaye, Uhuru na Raila wakasalimiana kwenye ngazi za Harambee House.

Kwa hivyo hesabu ni rahisi: 2016 walipigana, 2018 wakapatana. 2019 walipigana, 2025 wakapatana. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa kwetu fahali wenyewe hurudi zizini jioni wakalala ubavu kwa ubavu, na nyasi zinabaki zimelala chini.

Kuna watu watanijibu. Najua watakachosema kwa sababu nimekisikia kwenye kila baraza nililokaa: "Mwanangu, bila chama kikubwa MCA wetu hatapata kitu. Lazima awe upande wa gavana, upande wa serikali." Hoja hii ina ukweli kidogo, kwa hivyo tuipime vizuri.

Ni kweli kwamba mwakilishi asiye na marafiki hafanikiwi. Ni kweli pia kwamba chama kina mtandao, na watu wa Ganda walipoichagua ODM walijua wanachokifanya. Hakuna wa kuwadharau kwa hilo. Lakini pesa za kaunti hazitoki mfukoni mwa chama. Kilifi hupokea zaidi ya shilingi bilioni 11.6 kwa mwaka kutoka mgao wa kitaifa, mbali na ushuru tunaokusanya wenyewe. Zigawanye kwa wadi 35, unapata zaidi ya shilingi milioni 330 kwa kila wadi kwa mwaka. Simaanishi kila wadi hupewa kiasi hicho mkononi. Mishahara huliwa kwanza, na hospitali na ofisi ni za wote. Lakini ndiyo picha ya ukubwa wa kitu tunachokijadili. Na bajeti hiyo haiwezi kutumika mpaka bunge la kaunti liipitishe. Pale ndani kura ya MCA wa Ganda ina uzito sawasawa na ya MCA wa Shella, wa Bamba au wa Mtepeni. Kwa hivyo mwakilishi anayejua kusoma bajeti na kukataa kusinzia kwenye kamati ana nguvu, awe chama gani. Asiyejua hana nguvu hata akiwa shemeji ya gavana.

Tatizo letu ni kwamba kwenye kampeni hatumuulizi lolote kuhusu bajeti. Tunamuuliza, "Wewe ni wa nani?"

Hapo ndipo tunapopigwa chenga. Mtu akija kuomba kura ya wadi, atakuahidi hati miliki ya shamba. Ardhi ndiyo kidonda chetu Pwani, akikigusa tu tunapiga makofi. Lakini MCA hana hati ya kumpa mtu. Hati zinatoka Wizara ya Ardhi, serikali kuu, na Tume ya Ardhi ina kazi yake. Atakuahidi kuajiri walimu wa sekondari: hiyo ni TSC. Atakuahidi kituo cha polisi: hiyo ni Nairobi. Amekuahidi vitu ambavyo hatalaumiwa akivikosa, kwa sababu atasema serikali kuu imekataa.

Yaliyo mikononi mwa kaunti yameandikwa kwenye Katiba, Jedwali la Nne. Chekechea na walimu wake. Vyuo vya ufundi vya kijijini. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Barabara za mitaani. Masoko. Maji ya kusambaza. Leseni za biashara ndogo. Mpango wa ujenzi wa miji. Basari ya wadi nayo ni ya kaunti. Kilifi ina sheria ya mfuko huo tangu 2013. Haya ndiyo ya kumbana nayo mgombea.

Chukua maji peke yake. Maji ya Baricho, kutoka mto wetu wa Sabaki, yanasukumwa kwa bomba mpaka Kilifi mjini na Mombasa. Hapa Malindi wa kuyagawa ni MAWASCO, kampuni inayomilikiwa na kaunti. Bado kuna vijiji vya Malindi na Magarini ambavyo mama anaamka saa kumi alfajiri kutafuta mtungi wa maji. Mgombea wa wadi akikwambia "nitaleta maji", muulize: bomba litatoka wapi mpaka wapi? Tangi liko wapi? Litaingia bajeti ya mwaka gani? Nani atalipa umeme wa pampu? Akigugumia, umeshapata jibu lako, na hujatukana mtu.

Sasa vijana wenzangu, nasi tusemane kidogo. Kwenye kila msafara wa fujo, waliojaa nyuma ya pikapu ni sisi. Mheshimiwa yuko ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Ukikamatwa, utaulizwa jina lako wewe. Ukiumia, wheelbarrow ya kukupeleka zahanati itasukumwa na jirani yako, huenda huyohuyo uliyetumwa kumvamia. Na malipo ni kiasi gani? Mia tano, ukibahatika elfu moja. Chukua hiyo mia tano uigawanye kwa siku za miaka mitano: inatoka kama robo shilingi kwa siku. Robo shilingi haiko hata madukani siku hizi.

Na tukumbuke kwamba hongo ya kura ni kosa kwa anayetoa na anayepokea. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inasema faini mpaka shilingi milioni mbili au kifungo mpaka miaka sita, au vyote. Najua mtasema hakuna anayefungwa. Wakubwa pengine. Kijana wa Ganda asiye na wakili, usiwe na hakika.

Kuna namba moja inayoniuma kuliko zote. Mwaka 2022, Kilifi ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 580,000 kwenye daftari. Waliojitokeza hawakufika nusu. Nchi nzima wastani ulikuwa karibu asilimia 65. Sisi na Mombasa tulikuwa mkiani kabisa. Watu wengi walikaa nyumbani wakisema, "Kura yangu itabadilisha nini?" Kumbe pale Magarini kura 22 tu kwa upande wa pili zingempa mwingine ushindi, tusingepelekana kortini.

Ukipiga kura ya rais, wewe ni mmoja kati ya mamilioni. Ukipiga kura ya wadi, wewe ni mmoja kati ya elfu chache. Kwa Ganda 2019, pengo zima lilikuwa watu 1,846. Hao ni watu wanaoweza kukutana kwenye uwanja wa shule ya msingi wakatambuana kwa majina. Kura yenye uzito mkubwa kuliko zote ndiyo tunayoitia tiki haraka haraka tukifuata rangi ya chama. Wenzetu wanaotoka mbali wanajua uzito wake, ndiyo maana wanakuja na helikopta.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tujiandikishe. IEBC ilirudisha uandikishaji wa kuendelea tangu Septemba 2025, kwenye ofisi zake za maeneo bunge. Kijana aliyefika miaka 18 na hana kitambulisho, tumsaidie kwa chifu sasa, tusingoje foleni za dakika ya mwisho. Kila maskani ijihesabu: wangapi tunacho, wangapi hatuna.

Pili, kila kijiji kiwe na maswali yake matano yaliyoandikwa, ya wadi tu. Kila mgombea anayekuja aulizwe yaleyale, majibu yaandikwe kwenye daftari, na daftari likae kwa mtu anayeaminika na pande zote. Akija na mkubwa wake kutoka nje, mkubwa asalimiwe kwa heshima zote, apewe dafu, kisha maswali yaelekezwe kwa anayeomba kiti. Na tumwambie mapema: kampeni ni mchana, na hakuna kwenda nyumbani kwa mpinzani. Hilo wazee wa kijiji na wazazi walisimamie wenyewe bila kungoja polisi. Mzazi akimwona mwanawe anapanda pikapu usiku, ana haki ya kumshusha.

Tatu, siku ya kura tusilinde kwa marungu, tulinde kwa karatasi. Matokeo ya MCA kwenye kila kituo huandikwa Fomu 36A na kubandikwa mlangoni. Mtu mmoja kwa kila kituo apige picha. Jumla ya wadi huingia Fomu 36B. Hesabu yake ni kujumlisha tu, mtoto wa darasa la sita anaiweza. Ikigongana, kuna mahakama. Magarini imetuonyesha kwamba mahakama hufuta matokeo yenye dosari, na Ganda ilishaonyesha hivyohivyo kabla. Njia ya haki ipo, ni ndefu na inachosha, lakini haina jeneza.

Nne, na hii ndiyo tunayoikimbia: baada ya kura, turudi. Kuna tarehe za kukariri kama tunavyokariri tarehe za mitihani. Tarehe 1 Septemba kaunti hupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka. Tarehe 28 Februari hupelekwa mwelekeo wa fedha, unaosema kila idara itapata kiasi gani. Tarehe 30 Aprili hupelekwa makadirio ya bajeti yenyewe. Kufikia tarehe 30 Juni iwe imepitishwa. Katikati ya tarehe hizo, sheria inataka wananchi washirikishwe. Mara nyingi nimeona vikao hivyo vikiwa na watu kumi na tano, soda na karatasi ya kusaini. Wadi iliyopiga kura elfu sita inaleta watu kumi na tano kusimamia pesa zake! Halafu tunashangaa mradi umehamia wadi jirani. Wenzetu walikuja sabini na wakakataa kuondoka.

Mimi siwaambii mchague ODM, wala UDA, wala DCP, wala mtu huru. Chagueni mnayemwona anafaa. Ninachoomba ni kwamba ugomvi tutakaogombana mwaka 2027 uwe wetu: huyu anataka zahanati ijengwe huku, yule anataka kule, huyu anasema basari imependelea, yule anakataa. Huo ni ugomvi mzuri. Unaisha kwa kuhesabu kura, na kesho yake mnakutana sokoni mnauziana muhogo.

Ugomvi wa kuazima ndio unaoua, maana mwenyewe akiumaliza huko kwake hakuji kukuarifu.